Naomba ushauri: ngoma za msizi zinapasuka kabla ya kuwambwa

Wadau wa ngoma na misitu, naombeni msaada. Kikundi cha sanaa huku Amani, Usambara Mashariki, kinataka ngoma zake zote zichongwe kwa msizi, yaani Maesopsis eminii, badala ya miti ya asili. Mti huu ni wa kuletwa. Ndege aina ya hondohondo hula tunda lake na kuangusha mbegu hadi katikati ya msitu, kisha msizi unabana miche ya asili. Tunavuna ya mashambani tu, kwa kibali. Ndani ya hifadhi hatugusi.

Shida ni kukausha. Gogo la kipenyo cha sm 35, urefu sm 60, linachongwa bichi kwa tezo mpaka ukuta unabaki sm 3. Siku ya nne au ya tano nyufa zinaanzia kwenye ncha, maana ncha hukauka upesi kuliko katikati. Tumepaka nta ncha zote mbili na kufukia kwenye maranda kivulini wiki tatu: nyufa zimepungua kweli, ila ukungu umeingia na wadudu wanabungua.

Je, ukuta ubaki sm 5 kwanza, tuupunguze ukishakauka? Boraksi, ile dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, ikipakwa ndani, itaharibu ngozi ya mbuzi? Na vigingi tuchonge kwa mti gani mgumu wa shambani? Vya msizi ni laini mno, ngozi ikikazwa motoni vinaachia, na sauti inashuka katikati ya onyesho.