Naomba ushauri: Jumatatu treni yetu inafungwa sababu ya mkutano wa NATO, nifikeje kazini na mzigo wangu?

Ukindu (Alhamisi, 17 Mei 2012)
Habari zenu wanajamvi. Wakubwa zangu shikamooni. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa mlioko Chicago na vitongoji vyake.

Naishi kusini ya mji, si mbali na Harvey, kazi nafanya kaskazini ya Loop (katikati ya mji). Kila siku napanda treni ya vitongoji, Metra Electric, mpaka stesheni ya Millennium, kisha basi. Sasa Jumapili na Jumatatu, tarehe 20 na 21, ni huo mkutano wa NATO pale ukumbi wa McCormick Place, na Jumatatu vituo 24 vya laini yetu vinafungwa. Changu kimo. Vitakavyobaki wazi treni zitakuwa chache na mtu anakaguliwa kabla ya kupanda. Zamu yangu inaanza saa 7 asubuhi, na mwenzangu anayelala pale usiku hawezi kuondoka mpaka nifike.

Swali langu ni moja. Kuna njia nyingine ya kufika mjini siku hiyo nikiwa na mzigo? Nimewaza niende Jumapili mchana nikalale huko huko hadi Jumanne. Ila tangu juzi usingizi sipati.

Jembe la Mkono
Omba ruhusa siku moja ulale. Maofisi mengi ya katikati ya mji yamewaambia watu wao wabaki nyumbani Jumatatu. Unang'ang'ania nini?

Ukindu
Mkuu, mimi si wa ofisini. Nahudumia bibi wa miaka 88 nyumbani kwake. Yeye NATO haimhusu, akiamka anataka kuogeshwa na kulishwa.

Mzee Kobe
Pole sana mwanangu. Haya mambo ya wakubwa kufunga njia nayajua. Februari 2008 Bush alipokuja Dar nilikuwa nakaa Gongo la Mboto. Siku hiyo napeleka kuku wawili kwa shemeji yangu aliyekuwa na mgonjwa Muhimbili. Tumefika Tazara, daladala zote zimesimama, askari kila hatua kumi, hakuna kuvuka. Tukakaa juani, nahisi zaidi ya saa mbili. Konda anasema bado kidogo, bado kidogo. Kuku mmoja akafa mkononi mwangu, nikawa simwachi kwa sababu nilishaahidi wawili. Msafara ulipopita ulikuwa ni upepo tu, hata sura ya mtu sikuiona. Nilifika Muhimbili muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Pweza Mkavu
Mzee Kobe, huyo kuku mfu ulimfanyaje?

Mzee Kobe
Nilimzika. Mimi si mla nyamafu.

Mlandizi wa Boston
Turudi kwa mwenye uzi. Ndugu Ukindu, sisi hapa Boston tulipata makubwa zaidi Julai 2004, mkutano mkuu wa chama cha Democrats ulipofanyikia ukumbi wa FleetCenter. Ule ukumbi umekaa juu ya North Station yenyewe, kwa hiyo stesheni waliifunga wiki nzima, na barabara kuu ya I-93 wakawa wanaifunga kila jioni. Wote tuliokuwa tunatoka Lowell, Haverhill na huko kaskazini tukawa tunashushwa njiani na kuhamishiwa kwenye mabasi na treni za mjini. Mwezi mmoja baadaye Republican wakafanya wa kwao New York, Madison Square Garden, nao ukumbi uko juu ya Penn Station. Kule stesheni haikufungwa, walifunga baadhi ya milango tu, na baadhi ya treni za New Jersey zikawa zinaishia Hoboken.

Kilichotushangaza Boston ni kwamba tulijiandaa kwa msongamano wa kufa mtu, halafu mji ukawa mtupu. Watu waliogopa, wakachukua likizo. Nakutia moyo tu, huenda na kwenu ikawa hivyo.

Pweza Mkavu
Mimi swali langu, kwa nini wasikutane msituni? Ule wa mataifa tajiri, G8, si wameuhamishia Camp David, kwenye makazi ya rais huko msituni? NATO nayo wangeipeleka huko huko, wananchi waende kazini.

Mlandizi wa Boston
Kwa sababu ukumbi umeshakodiwa na wageni ni wengi. Na reli yenu imepita chini ya jengo lenyewe la McCormick Place. Mtu yeyote wa usalama akikumbuka Madrid, Machi 2004, mabomu kwenye treni za asubuhi za wafanyakazi na zaidi ya watu 190 wakafa, hawezi kuruhusu mabehewa yapite chini ya marais bila kujua ndani kuna nini. Shida ni kwamba vituo vya Metra havina lango. Ni jukwaa tu, unapanda, kondakta anakukuta ndani. Huwezi kumweka askari na mbwa kwenye kila jukwaa, kwa hiyo unafunga nusu ya vituo na kuwarundika askari kwenye vilivyobaki. Hesabu yao naielewa. Lakini anayelipa ni huyu dada, au kaka, asiye na gari.

BintiTanga
Ukindu, nimesoma mara mbili. Unasema "nikiwa na mzigo". Tangazo la Metra, ambalo limewekwa hadi kwenye viti, linasema begi moja tu, lisizidi inchi 15 kwa 15 na unene inchi 4. Chakula hapana, kinywaji hapana, hata kikombe cha kahawa. Na ni laini zote, siyo yenu tu, kwa hiyo atakayekwambia ukapande Rock Island, laini nyingine ya Metra, hajakusaidia. Mzigo gani huo?

Ukindu
Ni vitu vya kazi tu. Begi langu unene wake kama inchi 8.

BintiTanga
Vitu gani vya kazi? Bibi wa watu ana kila kitu kwake.

Jembe la Mkono
Kama ni sufuria ya pilau sema tu, tutakusaidia kuimaliza jukwaani.

Ukindu (Ijumaa)
Sikutaka kuandika hapa maana naona wengi ni wanaume. Ni mashine ya kukamulia maziwa. Nina mtoto wa miezi minne. Nakamua mara tatu nikiwa kazini, chupa naziweka na barafu kwenye begi, jioni narudi nazo, ndizo anazokunywa kesho yake kwa wifi yangu. Kwa hiyo nikienda na begi hilo nitakataliwa, na nikirudi na chupa ni kinywaji. Nisipokamua hadi saa nane kifua kinakuwa jiwe na homa inapanda, ilishanitokea mwezi wa tatu.

Lakini mpango wangu naona unafaa. Nimeshamwambia binti wa yule bibi kwamba nitalala. Mtoto atabaki na wifi siku mbili hizo, atakunywa maziwa ya kopo. Wapo wengi wamekua kwa maziwa ya kopo.

Mama Chausiku
Mwanangu, miezi minne! Umuache usiku mbili? Sisi tulikaa siku arobaini hatuoni hata mlango wa nje. Marekani imewaharibu. Mtoto ananusa mama yake, huyo atalia mpaka sauti ikauke. Mrudishe bibi wa watu kwa binti yake, kila mtu alee wa kwake.

Jembe la Mkono
Naomba radhi kwa ile ya pilau.
Lakini sheria si ipo? Tangu 2010 mwajiri anatakiwa akupe muda wa kukamua mpaka mtoto afike mwaka. Na likizo ya wiki 12?

Nesi Mstaafu
Likizo hiyo haina malipo, na ni kwa mwajiri mwenye watu 50 kwenda juu. Hiyo ya kukamua nayo haiwagusi wanaolea wazee majumbani, wameachwa nje. Tusimpe mtoto wa watu sheria isiyo yake.

Ukindu, nisikilize mimi. Leo Ijumaa nenda na mashine, uiache kwa huyo bibi. Wikiendi kamua kwa mkono. Nawa, bonyeza nyuma ya ile sehemu nyeusi, siyo chuchu yenyewe, peleka nyuma kifuani kisha bana. Mara ya kwanza utapata kijiko, usikate tamaa. Jumatatu utakamua kwa mashine kule, chupa zibaki kwenye friji ya bibi. Maziwa ya mama kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Jumanne au Jumatano masharti yakishaondolewa unazibeba. Jumatatu unapanda treni kwenye kituo kilichobaki wazi, mikono mitupu, hakuna wa kukugusa.

Kifaru72
Wakuu, mimi naona hii ni chai.
Moja, kajiunga juzi, uzi wake wa kwanza ndio huu. Pili, aliandika zamu inaanza "saa 7 asubuhi". Mswahili gani anaijua saa saba ya asubuhi? Saa saba ni mchana au usiku. Halafu hapo juu "nisipokamua hadi saa nane", hapo ghafla saa zimekuwa za Kiswahili. Tatu, nani anapima begi kwa rula? Treni ya Marekani ikataze kahawa? Huyu ni mtu katulia mahali anatunga, nanyi mnampa siri za kukamua.

Pweza Mkavu
Kifaru kaongea. Hata mimi hiyo saa 7 ilinikwama.

BintiTanga
Kifaru, karatasi ya Metra ninayo mkononi. Inchi ni hizo hizo. Njoo PM nikupigie picha.

Mlandizi wa Boston
Na hilo la saa ni jambo dogo. Mtu akikaa huku miaka kadhaa, ratiba ya kazi anaisoma ya kizungu, ya nyumbani anaifikiri ya kwetu. Mke wangu aliwahi kuwaalika watu saa moja, nusu yao walikuja mchana.

Mzee Kobe
Enzi zetu saa ilikuwa jua. Lakini mwanangu Kifaru, mtu akisema nyumba inaungua unauliza kwanza tarehe ya kuzaliwa?

Kifaru72
Mzee, heshima yako. Mwaka jana humu tulichanga kwa ajili ya "mgonjwa wa figo" aliyekuja kuonekana Zanzibar akiogelea. Nilitoa dola 50 na nilikuwa nimepoteza kazi. Ndiyo maana nauliza.

Ukindu (Ijumaa usiku)
Kifaru, sijaomba hata senti ya mtu. Nimejiunga juzi kwa sababu juzi ndipo niliposhikwa. Saa 7 ndivyo ilivyoandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa kwenye friji ya bibi, nimeiandika kama ninavyoiona kila siku. Na begi nililipima mimi mwenyewe, kwa futi ya cherehani, usiku, chini ya meza ili wifi asiamke. Nilijaribu kulikandamiza lifike inchi 4. Mota ya mashine peke yake ni inchi 5.

Nesi, shikamoo na asante. Nimeiacha mashine kule leo. Ila bado nitalala Jumapili. Tuseme ukweli wote basi: binti wa bibi amesema kila usiku nitakaolala kuna dola 90 juu ya mshahara. Kodi ya nyumba ni tarehe 1. Wifi yangu naye namlipa. Mama Chausiku, sikatai, lakini siku arobaini zangu nilikaa na mikate ya kuhesabu.

Mama Chausiku
Hilo la kodi ungelisema mapema mwanangu. Nimekusema bure.

Jembe la Mkono
Lakini kwa nini lazima Metra? Basi la Pace namba 352 linapita Harvey, linafuata Halsted mpaka 95th, usiku na mchana. Hapo unapanda treni ya mjini, Red Line, unashuka Clark/Division. Sijaona popote tangazo la kukataza mabegi kwenye treni na mabasi ya mjini (CTA). Begi lako la inchi 8 linapita, na chupa zako.

Ukindu
Njia hiyo naijua. Niliporwa simu pale jukwaani kabla hata sijapata mimba, tangu hapo moyo wangu umekataa. Na ni karibu saa mbili kwenda.

BintiTanga
Kwa hiyo njia unayo tangu mwanzo, ila huitaki.

Ukindu
Ninayo. Naiogopa.

Nesi Mstaafu
Gawanya basi. Jumapili lala, upate hizo 90. Jumatatu jioni rudi kwa Red Line kukiwa bado na mwanga, mwezi huu jua linazama baada ya saa mbili usiku. Kaa behewa la mbele karibu na dereva. Usiku mmoja si sawa na mbili, kwa mtoto na kwa kifua chako.

Mzee Kobe
Tuletee mrejesho.

Ukindu (Jumanne, 22 Mei)
Nimerudi. Jumapili nililala kule. Kutoka dirishani kwa bibi tulikuwa tunasikia helikopta mchana kutwa, akawa ananiuliza kama vita vimeanza. Saa kumi usiku niliamka nguo imelowa yote, nikakamua nimekaa ukingoni mwa bafu ili mlio wa mashine usimwamshe.

Jumatatu jioni nilipanda Red Line na begi langu lile lile, chupa tano. Mlandizi ulisema kweli, behewa tulikuwa watu sita. Nilikaa mbele, begi nimelipakata, mkono ndani ya zipu nashika barafu kama bado ngumu. Tulipofika Cermak-Chinatown waliingia polisi wawili, mmoja akalitazama begi, akanitazama, akaenda kusimama mlangoni. Roho ilinidunda mpaka 95th. Basi la 352 nilisubiri dakika 20.

Binti wa bibi hakufurahi kwamba sikulala usiku wa pili. Hajasema kama ile 90 ya kwanza nitaipata.

Kifaru72
Ukindu, nisamehe kwa niliyoandika. Na mtoto je?

Ukindu
Alinigeuzia uso kwanza, akamshika wifi shingoni. Nilikaa kitandani nimeifungua kanga, sikumlazimisha. Baadaye akaja.

Kifaru72
Akikunyima hiyo 90 njoo uandike hapa hapa. Mimi nilishadhulumiwa malipo ya namna hiyo, najua ofisi za kwenda.