Naomba ushauri: ajira ya kwanza, mji mgeni, nipange karibu na kazini au mbali?

MgeniMjini (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijafanya uamuzi ambao huenda nikaulipia kwa miezi mingi. Nimepata ajira yangu ya kwanza katika mji nisioufahamu, ambako sina ndugu wala rafiki, na ninatakiwa kuripoti baada ya wiki tano. Mkataba wa kazi una kipindi cha majaribio cha miezi sita, na mshahara wa kwanza utalipwa mwishoni mwa mwezi, hivyo kodi ya mwanzo, amana na gharama za kuhama zote zitatoka kwenye akiba yangu, ambayo si kubwa.

Nimebaki na machaguo matatu. La kwanza ni chumba kimoja chenye choo na jiko lake, mwendo wa dakika 15 kwa miguu hadi ofisini, lakini kodi yake ni asilimia 40 ya mshahara nitakaoupokea baada ya makato. La pili ni nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji. Kodi ni asilimia 22, safari ya basi ni kama saa moja na robo, na mwenye nyumba anataka mkataba wa mwaka mzima. La tatu ni chumba katika nyumba ya kushirikiana na wapangaji wawili nisiowajua, dakika 35 kwa basi, kodi asilimia 25, na mkataba ni wa miezi mitatu mitatu. Wazazi wangu wanapendelea hilo la pili kwa sababu wadogo zangu watapata pa kufikia, na mimi mwenyewe nakiri kwamba picha za ile sebule zimenivutia.

HesabuKwanza

Hongera kwa kupata kazi, ndugu. Kabla sijasema lolote, naomba utupatie nauli ya kila mwezi kwa chaguo la pili na la tatu, maana kodi isiyojumlishwa na nauli ni nusu tu ya bei ya nyumba.

MgeniMjini

Nimepiga hesabu kwa siku 22 za kazi. Nauli ya chaguo la pili ni karibu asilimia 9 ya mshahara, na ya chaguo la tatu ni karibu asilimia 5.

HesabuKwanza

Basi tuziweke pamoja. Chaguo la pili linakugharimu asilimia 31 ya mshahara na saa 55 za kukaa barabarani kila mwezi, kwa kuwa ni saa mbili na nusu kwa siku mara 22. Chaguo la tatu linakugharimu asilimia 30 na saa zisizofika 26. Maana yake ni kwamba nyumba inayoonekana rahisi kuliko zote inazidiwa kwa fedha na kwa muda, na kinachobaki upande wake ni ile sebule.

Sasa linganisha la kwanza na la pili. Chumba cha karibu kinakuzidishia matumizi kwa asilimia 9 ya mshahara, lakini safari zako zinashuka hadi saa 11 kwa mwezi, hivyo unarudishiwa saa 44. Ikiwa unafanya kazi saa nane kwa siku, asilimia 9 ya mshahara wako ni malipo ya saa 16 hivi. Ukichagua nyumba ya mbali, unauza saa 44 kwa bei ya saa 16, tena saa za alfajiri na jioni ambazo mtu anayeanza kazi anazihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer, walipochapisha mwaka 2008 uchambuzi wao wa takwimu za Ujerumani, waligundua kwamba watu wenye safari ndefu za kwenda kazini waliripoti kuridhika kidogo na maisha, na kwamba unafuu wa kodi au ziada ya mshahara haikutosha kuwafidia. Hata hivyo sikushauri asilimia 40. Wengi huchukua theluthi moja ya mapato kuwa kikomo cha gharama za makazi, na kwa mtu anayeanza bila akiba ningekishusha kikomo hicho kidogo.

MpangajiMzoefu

Mdogo wangu, hesabu za hapo juu ni nzuri, lakini naona jambo zito zaidi limepitwa: una majaribio ya miezi sita na unataka kujifunga kwa miezi kumi na miwili. Ajira ikikatika mwezi wa tano, au wewe mwenyewe ukigundua kwamba kazi haikufai, utabaki na deni la nyumba katika mji usio na mtu wa kukupokea. Kama utalazimika kusaini mkataba mrefu kwa sababu yoyote ile, dai kifungu kinachokuruhusu kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja, na kiandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Ahadi ya mdomo ya mwenye nyumba mwenye tabasamu haikusaidii siku nyumba inapopata mmiliki mwingine.

Kuhusu wadogo zako, watakuja mara ngapi kwa mwaka? Godoro moja la ziada ni rahisi kuliko chumba kizima kinacholipiwa kodi kila mwezi kikiwasubiri wageni.

ZamuYaUsiku

Nitapingana kidogo na waliotangulia, kwa sababu naona chaguo la tatu linasifiwa haraka mno. Nilipoanza kazi nilishirikiana nyumba na watu wawili, na sote watatu tuliweka majina yetu katika mkataba mmoja. Mwezi wa nne mwenzetu mmoja aliondoka usiku bila kuaga, na mwenye nyumba akatudai sisi tuliobaki kodi yote, kama mkataba ulivyomruhusu, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa amekubali kuwajibika kwa deni zima. Nilikula akiba yangu kulipa chumba ambacho sikukilala hata siku moja.

Kwa hiyo, dada au kaka, uliza swali moja kabla ya yote: je, utakuwa na mkataba wako peke yako, wa chumba chako, au utaingizwa katika mkataba wa wote? Baada ya hapo ndipo uulize mita ya umeme ni ya nani, bili ya maji inagawanywaje, na wenzako wanarudi saa ngapi. Mtu wa zamu ya usiku na mtu wa mchana wanaweza kuheshimiana sana na bado wakanyimana usingizi.

DaftariLaKodi

Naongezea kwa ufupi kwa kuwa nimefanya kazi ya kusimamia nyumba za kupangisha. Usitume fedha yoyote, hata ile inayoitwa ya kushikia chumba, kabla hujaingia ndani na kumwona mtu mwenye haki ya kupangisha. Dalali anayekuambia kwamba kuna watu watatu wanasubiri anajua kwamba wewe uko mbali. Ukishindwa kwenda mwenyewe, tafuta malazi ya muda ya wiki mbili au tatu, hata yakiwa ya hadhi ya chini, kisha utafute nyumba ukiwa hapo hapo mjini.

Siku ya kukagua, jaribu safari yenyewe saa ile utakayokuwa unakwenda kazini, si saa nne asubuhi barabara zikiwa tupu. Rudi pia jioni, maana ndipo majirani wote hufungua maji kwa pamoja. Fungua makabati na uyanuse, sogeza kitanda uangalie ukuta wa nyuma, simama katikati ya chumba ujaribu kupiga simu. Ukishakubaliana, piga picha kila ufa, kila kitasa kilicholegea na namba za mita, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili ziwe na tarehe. Amana nyingi hupotea kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kioo kilikuwa kimepasuka tangu mwanzo.

MgeniMjini

Ninawashukuru nyote. Juzi nilisafiri nikalala mjini siku mbili, na narudi kuwapa taarifa.

Chumba cha karibu kilikuwa kimepakwa rangi mpya, lakini nilipofuata ushauri wa kusogeza kitanda nikakuta rangi hiyo imeishia usawa wa goti na kuanzia hapo hadi sakafuni ukuta umevimba kwa unyevu. Kabati lilinuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Nyumba ya pili ni nzuri kama picha zake, na nakiri kwamba nilikaa kwenye ile sebule nikaanza kupanga viti kichwani. Lakini asubuhi iliyofuata nilipanda basi kutoka kituo chake saa kumi na mbili na nusu, nikafika mlangoni pa ofisi saa mbili na dakika tano, tena nimesimama njia nzima. Hiyo si saa moja na robo.

Nyumba ya tatu nilikwenda saa moja jioni. Bomba la jikoni lilitoa maji membamba, ndoo ikachukua dakika sita kujaa, na mmoja wa wapangaji, mwalimu, akaniambia bila kuficha kwamba hali huwa hivyo hadi saa tatu usiku. Kila mtu ana mkataba wake. Mita ya umeme ni moja na bili hugawanywa kwa tatu sawa, jambo ambalo mpangaji wa pili analilalamikia kwa sababu mwenzake ana friji chumbani.

ZamuYaUsiku

Mtu anayekutajia ubovu wa bomba kabla hujahamia ni mtu wa kuishi naye. Chukua hicho chumba, ila suala la friji limalizeni kabla ya bili ya kwanza.

MpangajiMzoefu

Nami naunga mkono. Weka alama kwenye kalenda wiki mbili kabla ya miezi mitatu kwisha, uamue kama unaendelea, na wakati huo utakuwa unaijua mitaa kwa macho yako.

MgeniMjini

Nimelipa amana leo na nimepewa risiti yenye jina langu na namba ya chumba. Kuhusu friji, mwalimu amependekeza wanunue mita ndogo ya kupima chumba chake peke yake na gharama alipe yeye. Nimenunua ndoo mbili kubwa zenye mifuniko.