Tupeane uzoefu: waliopasuliwa mgongo na kuungwa pingili, mfupa ulishika vipi?

Mkaazi wa Langoni:
Assalaam alaykum jamaa. Mjomba wangu amekuwa kuli wa gatini tangu ujana. Sasa pingili moja ya kiuno imeteleza juu ya mwenziwe, inabana neva, na mguu wa kushoto umeanza kulegea. Daktari wa Mombasa anataka kumpasua aziunge kwa skrubu. Nyumbani kila mtu ana lake: huyu asema ukifunguliwa mgongo hutembei tena, yule asema wiki mbili umerudi kazini. Nataka kusikia kwa waliopasuliwa au waliouguza. Ya "nasikia" leo tuyaache.

Seremala wa Malindi:
Mimi nimeungwa. Jamaa zako wote wawili wamekosea. Skrubu haziponyi mgongo, zinashikilia tu, kama boriti chini ya zege bichi, mpaka mfupa mpya uote baina ya pingili uzishikanishe. Kazi hiyo ni ya mwili, na huchukua miezi sita hadi mwaka, pengine zaidi. Kwa hiyo kutembea nilianza kesho yake, nimeshikwa mkono, lakini kubeba mbao kulikuja nyuma sana, baada ya daktari kuridhika na eksirei.

Kwangu walichota mfupa wa nyonga wakaupanda mgongoni. Wallahi nyonga iliniuma kupita mgongo wenyewe, na hakuna aliyenionya. Mjomba aulize mapema watautoa wapi.

Kuinuka kitandani kuna namna yake. Kunja magoti, geuka ubavu, mabega na nyonga viende pamoja, kisha shusha miguu huku mkono unasukuma godoro. Usiinuke kwa kujikunja tumbo.

Mama wa Shela:
Kitanda cha kamba kitoeni! Mume wangu alirudi akalazwa kwenye kile cha urithi kilichobonyea katikati, asubuhi akashindwa hata kugeuka. Na choo cha kuchuchumaa hakiwezi. Sisi tulitoboa kiti cha plastiki tukakiweka juu ya shimo. Watoto walicheka, yeye hakucheka.

Mjukuu wa Mkandaji:
Babu yangu amechua watu kwa mafuta ya nyonyo miaka mingi na wamepona bila kisu. Mbona mnakimbilia Mombasa?

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, sikukatalii. Diski, ule mto laini wa baina ya pingili, ikichomoza, wengi hupoa wenyewe ndani ya wiki kadhaa, achuliwe asichuliwe. Ila mguu unaolegea si wa kuchuliwa. Na mtu akishindwa kukojoa, au akifa ganzi sehemu za siri, hiyo ni dharura: hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo.

Mkaazi, mjomba anavuta? Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa unaoota hutegemea damu. Kwa wavutaji, pingili hukosa kushikana mara nyingi zaidi. Tumbaku ya kwenye tambuu nayo ni nikotini, asije akadhani ameacha. Dawa za maumivu kama diklofenaki za kununua dukani asimeze bila kumwuliza daktari wake, wengi wao hawazitaki miezi ya mwanzo kwa kuchelea kuchelewesha mfupa.

Kijana wa Mkomani:
Bi Nesi, nimesoma kuna protini ya kuotesha mfupa, nyonga haiguswi. Kweli?

Nesi Mstaafu:
Kweli, inaitwa BMP. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa huko Los Angeles, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini ukipandwa ndani ya msuli huotesha mfupa mpya mahali ambapo haukuwapo. Baadaye ikajulikana ni protini zilizomo ndani yake. Mwaka 2002 Marekani iliruhusu moja itumike kuunga pingili za kiuno. Basi watu wakaivamia, wengine wakaitia hadi shingoni, na mwaka 2008 serikali yao ikatoa onyo: shingo zilivimba, watu wakabanwa pumzi. Yaweza pia kuotesha mfupa pasipotakiwa. Tena ni ghali mno. Mfupa wa mtu mwenyewe bado unaheshimika, na mara nyingine vipande vile vinavyotolewa mgongoni wakati wa upasuaji ndivyo vinavyopandwa, nyonga ikasalimika.

Mkaazi wa Langoni:
Anavuta, tena sana. Nimemsomea, amenuna, lakini pakiti amenipa. Shukran nyote. Hofu yangu sasa ni siku ya kurudi: basi hadi gati la Mokowe, halafu boti ya kuvukia kisiwani Amu (Lamu).

Nahodha:
Kwenye basi mshuke kila penye kituo atembee kidogo. Mokowe fikeni maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, ngazi za gati ni ndefu na vidato vya chini vina utelezi. Asikae mbele ya boti, mbele ndiko inakopiga wimbi. Akae nyuma karibu na mashine, na nahodha apunguze mwendo hata abiria wengine wakinung'unika. Akishuka Amu atembee mwenyewe polepole hadi nyumbani. Punda asipande.