Unywaji wa pombe kwa watoto: kamati ya mtaa ianzie wapi?

Mjumbe wa Kamati

Wadau, salaam. Kamati yetu imepewa jukumu la kupunguza unywaji wa pombe kwa watoto wa miaka 12 hadi 17. Tuna miezi 12, wajitolea 9 na fedha kiduchu. Mpango ulio mezani ni ule wa siku zote: mgeni atoe mada shuleni, mabango yachapwe, mkutano wa hadhara uitishwe. Nahofia fedha itaisha na mwakani hali iwe ileile. Wenye ujuzi, tuanze na nini, kwa mpangilio upi, na tutajuaje kama imefaa? Halafu kuna wazazi kwenye kamati wanaoshikilia kwamba mtoto aonjeshwe nyumbani ili asije akalewa huko nje. Je, hilo lina ukweli?

Takwimu Kwanza

Ndugu mjumbe, hofu yako ina msingi. Mradi wa DARE wa Marekani ulianza 1983, polisi wakiingia madarasani kufundisha watoto kukataa vilevi. Umepimwa mara nyingi, na athari yake kwenye unywaji ikaonekana ndogo mno, karibu na sifuri. Mtoto hanywi eti kwa sababu hajaambiwa pombe ni mbaya. Anakunywa kwa sababu inapatikana, kuna mahali pa kunywea pasipo na mtu mzima, na anaamini wenzake wote wanakunywa. Hotuba haigusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Miezi miwili ya kwanza iwe ya kuuliza. Andaeni dodoso la ukurasa mmoja, lisilo na jina, maswali yasizidi 10. Yasikose haya: katika siku 30 zilizopita umekunywa siku ngapi, mara ya mwisho pombe uliipata wapi (uliuziwa, ulinunuliwa na mtu mzima, ulipewa na rafiki, ulichukua nyumbani), mlinywea wapi, siku gani na saa ngapi. Ongezeni moja: kati ya wenzako 10, unadhani wangapi wamekunywa mwezi huu? Msiulize "Je, wewe ni mnywaji?" Aliyekunywa mara mbili tu mwezi huu atajibu hapana, tena bila kudanganya.

Mambo yanayoharibu dodoso ni mwalimu wa darasa kulikusanya, mtu kupitapita kati ya madawati, na kutangaza majibu ya kundi dogo kiasi kwamba watu wataanza kunyoosheana vidole. Majibu yaingie kwenye sanduku lililofungwa, na kundi lenye watoto chini ya 10 lisitangazwe peke yake. Msisahau walioacha shule. Hao hawaonekani darasani kabisa, na mara nyingi wako hatarini zaidi. Wafuateni vijiweni kwa dodoso hilohilo.

Majibu ya "uliipata wapi" ndiyo yawapangie kazi. Wengi wakiwa wanachukua nyumbani, kukagua maduka mwaka mzima ni kupoteza nguvu.

Mfano wa kuujua ni Iceland. Mwaka 1998, 42% ya vijana wa miaka 15 na 16 huko walisema wamelewa mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 ilikuwa 5%. Vijana huko huulizwa kwa dodoso mara kwa mara, na kila shule na mtaa hupata majibu yake mapema, yakiwa bado mabichi. Waliongeza michezo na sanaa zinazosimamiwa baada ya masomo, wazazi wakaweka mikataba kati yao, umri wa kununua pombe ni miaka 20, na kuna saa za mtoto kuwa nje usiku: aliye na miaka 12 au chini mwisho saa 2 usiku, wa 13 hadi 16 mwisho saa 4, na majira ya joto huongezwa saa mbili. Hakuna jambo moja katika hayo lililofanya kazi peke yake, kwa hiyo msichukue la michezo tu kwa kuwa ndilo linalopendeza kupigia picha.

Mkaguzi wa Leseni

Naongezea upande wa wauzaji, maana hapo ndipo kamati nyingi huharibu kwa haraka. Wanaanza na msako, wauzaji wanawafungia milango, biashara inahamia mlango wa nyuma.

Kwanza orodhesheni kila anayeuza, mwenye leseni na asiye nayo, pamoja na wanaopeleka pombe majumbani kwa kuagizwa kwa simu. Hao wa mwisho husahaulika, na mzigo hupokewa mlangoni na yeyote. Pili, mpeni kila muuzaji barua inayotaja kifungu cha sheria, adhabu, na mwezi ambao ukaguzi utaanza. Siku msiitaje. Tatu, wafundisheni wanaosimama kaunta, wala si mwenye duka peke yake, kwa sababu anayeuza saa 3 usiku ni kijana wa zamu. Saa moja inatosha: anasoma tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho, analinganisha picha, anajifunza sentensi moja ya kukataa. Bandikeni kwenye droo ya pesa kikaratasi chenye tarehe ya leo na mwaka ambao mteja lazima awe amezaliwa kabla yake, maana kukokotoa umri huku foleni inasukuma ndiko kunakozaa makosa. Kanuni ya kuomba kitambulisho kwa kila anayeonekana chini ya miaka 25, inayotumiwa na maduka mengi Uingereza, inamwondolea muuzaji kazi ya kubahatisha.

Nne ndipo ukaguzi. Mtumieni mtu mzima aliyetimiza umri lakini sura yake bado ya kitoto. Anaingia bila kitambulisho, anaomba pombe, hadanganyi umri akiulizwa, habembelezi. Mnachopima ni kama ameombwa kitambulisho. Kwa njia hiyo hakuna mtoto anayetumwa kuvunja sheria na hakuna muuzaji anayetegewa mtego. Ukaguzi wa kutumia watoto wenyewe ni kazi ya mamlaka yenye idhini, msiuguse.

Rudieni kila baada ya miezi mitatu. Utafiti wa Marekani ulionyesha athari ya ukaguzi kwa duka lililokaguliwa hufifia ndani ya muda huo. Aliyefaulu apate barua ya pongezi wiki hiyohiyo, aliyeshindwa apate onyo wiki hiyohiyo. Onyo linalofika baada ya miezi miwili halimkumbushi mtu chochote.

Na msipokee fedha za kampuni ya pombe, hata zikija kwa jina la elimu ya unywaji wa kistaarabu. Mtajikuta mnakwepa kuzungumzia bei, saa za kuuza na matangazo karibu na shule, na hayo ndiyo yenye nguvu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa SAFER mwaka 2018, upatikanaji, matangazo na kodi vilikuwa kati ya mambo matano yaliyopewa uzito.

Mshauri wa Malezi

Kuhusu kuonjesha, naomba lijibiwe wazi kwa sababu wazazi wengi wana nia njema kabisa. Halilindi. Utafiti uliofuatilia vijana wa Australia kwa miaka 6, ukachapishwa 2018, haukuona kinga yoyote kwa waliopewa pombe na wazazi. Walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulewa kupindukia na kupata madhara kuliko ambao hawakupewa na yeyote. Tena waliopewa na wazazi walielekea zaidi kuitafuta kwa watu wengine pia. Mtoto haelewi "kidogo, mbele yangu". Anachoelewa ni kwamba ameruhusiwa.

Kinachosaidia ni kauli moja isiyoyumba, na wazazi wa marafiki kukubaliana. Kaeni kwa vikundi vya wazazi 8 hadi 12 ambao watoto wao wanacheza pamoja, mwandike mambo machache: hatutawapa wala kuwanunulia watoto pombe, wetu au wa wenzetu, hakuna sherehe ya vijana bila mtu mzima asiyekunywa, saa ya kurudi nyumbani ni moja kwa wote, ukimwona mtoto wangu amelewa, nipigie usiku huohuo. Lile la saa moja kwa wote ndilo linalomwokoa mzazi, maana "mbona fulani anaruhusiwa" inakosa mahali pa kusimama.

Pombe iliyopo nyumbani ifungiwe kwa ufunguo. Alama ya kalamu kwenye chupa haisaidii, huongezwa maji.

Lile swali la wenzako 10 mlitumie vizuri. Kwa kawaida vijana hukisia idadi kubwa kuliko ilivyo. Mkikuta wamesema 7 na majibu yao wenyewe yanaonyesha 2, wapelekeeni hiyo 2. Bango linalosema "watoto wetu wamezama kwenye pombe" huwaambia wasiokunywa kwamba wao ndio wachache.

Mjumbe wa Kamati

Nashukuru sana, mpango wa mabango tutausimamisha. Swali la mwisho: tukimkuta mtoto amelewa, au tukigundua tayari anakunywa kila siku, wajitolea wafanye nini?

Muuguzi wa Vijana

Mjumbe, hayo ni mambo mawili tofauti, na yote yanaweza kuua.

Aliyelewa: wajitolea waelewe kwanza kipimo. Mililita za kinywaji zidisha kwa asilimia ya kilevi, kisha kwa 0.789, unapata gramu. Mililita 250 za pombe kali ya 40% ni gramu 79 hivi. Mtoto wa kilo 40 akizinywa kwa haraka, damu yake inaweza kufika takriban gramu 3 kwa lita, kiwango kinachoweza kuzima pumzi. Kwa hiyo "amelala tu, mwacheni" ni hatari: kilevi kilichoko tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuacha kunywa. Mlazeni ubavu, magoti yakunjwe, mdomo uelekee chini, mtu akae naye. Mfunikeni, maana mwili hupoteza joto. Msimpe kahawa, msimmwagie maji baridi, msimlazimishe kutapika. Asipoamka mkimtikisa, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, akikaa zaidi ya sekunde 10 bila kuvuta pumzi, akiwa na degedege au midomo ya bluu, ni hospitali sasa hivi. Kwa watoto sukari ya damu hushuka upesi, kwa hiyo hospitalini waombwe kuipima. Kama alikunywa pombe isiyojulikana imetengenezwaje, akaonekana kupona, kisha saa 12 hadi 24 baadaye akalalamika kuona ukungu, huenda ni methanoli, aina ya kilevi chenye sumu. Msingoje asubuhi.

Anayekunywa kila siku: msimwambie aache ghafla leo. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huweza kuanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, na degedege kufuata ndani ya siku mbili. Mpelekeni kituo cha afya wakati bado ana nguvu, aachishwe chini ya uangalizi. Kwa wale ambao hamna hakika nao, mhudumu wa afya anaweza kutumia dodoso la CRAFFT lenye maswali 6. Majibu mawili ya ndiyo yanadai uchunguzi zaidi. Aulizwe faragha, mzazi akiwa nje ya chumba.

Na shule ikitaka kumfukuza, kamati iende kumwombea abaki. Akitolewa darasani, saa zake zote za mchana zinahamia palepale anaponywea.