Mjadala: kanali za SD zinatukatia picha pembeni, ni haki ao ni dharau?

Mwenye mada (Kadutu)

Bandugu wa Bukavu na bale bote wenye kulipa abonema kila mwezi, leo tuongee hii maneno mpaka iishe, juu naona kila mutu analalamika kivyake mu nyumba yake. Swali langu: kampuni za dekoda zinapata wapi haki ya kutukatia picha? Kipindi kinapigwa ku format pana, ile ya 16:9 (upana 16 kwa urefu 9), halafu kikifika ku kanali ya SD (picha ya ukali wa kawaida, HD njo yenye ukali zaidi) wanatosha kipande kushoto, wanatosha kipande kuume, shiye tunabakia na katikati tu.

Juzi hapa kwetu mu nganda (baa) watu walikaribia kupigana juu ya ofsaidi. Muchezaji amepokea mupira, goli limeingia, nusu ya nganda inasema alikuwa mbele, nusu inasema hapana, chupa zinaanza kutingishika ku meza. Mwisho mutu mumoja mwenye aliangalia match ile ile ku HD kwa shemeji yake anasema: kulikuwa beki mwingine kule kuume, njo mwenye alimuweka muchezaji mu mchezo. Ule beki shiye hatukumuona! Alikuwa ku uwanja, kamera ilimuona, ila ku ekra yetu hakuwako. Na kule juu ku kona mahali wanaandikaka matokeo, jina la timu ya kwanza lilikuwa limekatwa, tunaona herufi moja na sifuri.

Hesabu yake ni rahisi. Ukitoka ku 16:9 ukaenda ku 4:3, umbo la televizyo za zamani, bila kugusa urefu, unatupa robo nzima ya upana, ni asilimia 12.5 kila upande. Kama kamera kubwa inaonesha metre 40 za uwanja, miye mwenye kulipa nabakia na 30. Sasa abonema nayo wanikatie robo basi.

Na watu wasiniambie "ni SD, njo vile iko". Hapana. SD ni wingi wa mistari yenye inajenga picha, haiko umbo la picha. SD yetu hii ni mistari 576, nukta 720 kwa kila mustari, na mu hiyo hiyo 720 kwa 576 unaweza kutia picha pana: wanaiminya kutoka pembeni wakati wa kutuma, dekoda yako inaijua, inaifungua tena. Ulaya kanali za SD zimefanya vile miaka mingi na hakuna mutu aliyekatwa. Hoja yangu ni moja tu: wakitaka kukata, kukata kufanyike ku dekoda yangu, nikipenda, si kule kwao. Kikikatwa kule hakirudi tena.

Fundi wa Nyawera

Mwenye mada umesema vizuri lakini unasema sawa mutu mwenye hajawahi kupokea wateja. Miye watu wananiletea televizyo, zile nene za mgongo, wananiambia "papa fundi, ekra imekufa juu na chini". Ninawasha, ninaangalia, hakuna kitu kimekufa, ni ile mistari myeusi tu, kwa sababu kanali inatuma picha pana nzima na haijae urefu wa ekra. Naeleza, mutu anakasirika, anasema nimeshindwa kutengeneza naleta hadisi.

Na tusifanye sawa vile hiyo mistari haina bei. Chukua TV ya inchi 21, ekra yake iko na upana wa karibu sentimeta 42, urefu 32. Ukiweka picha pana nzima, urefu unabakia 24. Sentimeta 4 nyeusi juu, 4 nyeusi chini, na ku mistari 576 ni 432 tu njo zinabeba picha. Sasa ku ile ya inchi 14 yenye iko mu nyumba nyingi kule Panzi na Cimpunda, batu sita wamekaa mbali wanaangalia, mupira hawauone kabisa. Bora wakate, angalau muchezaji anakuwa mukubwa. Watu wanapenda picha ijae, njo ukweli.

Kijana wa Bagira

Fundi acha kutetea kampuni, zinakulipa? Miye naona ni mpango. Wanaharibu SD makusudi ili uchoke, uende kuomba HD, ulipe dola zaidi. Biashara tu, haina masomo ya hesabu hapo

Mzee wa Nguba

Vijana, haya mambo yalianza zamani kuliko dekoda zenu. Televizyo ilichukua umbo la 4:3 kwa filamu za zamani, baadaye tangu 1953 watu wa Hollywood wakaona televizyo inawanyang'anya wateja, wakapanua ekra za sinema ili watu watoke nyumbani. Zile filamu pana zilipokuja kuoneshwa ku televizyo ilibidi zikatwe. Lakini angalieni tofauti: wakati ule mutu mwenye macho alikuwa anakaa na filamu, sehemu hii anapeleka dirisha kushoto kumufuata anayeongea, sehemu ile anapeleka kuume. Filamu iliumia, kweli, na wenye kuzitengeneza walilalamika sana, lakini hautakosa kumuona mwenye anaongea. Sasa ni mashine inakata katikati, pembeni kushoto na kuume sawa sawa, hata kama wenye kuongea wawili wamesimama ku kila mwisho wa picha. Nimeona vile na macho yangu: dakika nzima watu wawili wanabishana, na miye naangalia meza na chupa ya maua, kwa mbali pua ya mumoja.

Uingereza wakati wanavuka kutoka 4:3 kwenda 16:9, BBC walichukua njia ya katikati, ile ya 14:9. Ku televizyo ya zamani unapata kamustari kembamba keusi juu na chini, na pembeni wanakata kidogo tu, kama asilimia 6 kila upande. Na wenye kupiga picha waliambiwa waweke maandishi na watu wa maana mbali na pembeni. Ile ilikuwa heshima kwa muangaliaji. Huku kwetu nani amekaa chini akafikiri?

Mwenye mada (Kadutu)

Mzee asante sana, hiyo 14:9 njo nilikuwa natafuta nayo, inaonesha inawezekana.

Fundi, nakusikia na hesabu yako ni ya kweli, sibishane nayo. Lakini angalia vizuri: wewe unanipa sababu ya mwenye TV ya inchi 14 kukatiwa picha. Haunipe sababu ya miye, na mwenye ekra pla (ile bapa ya kisasa, pana), na mwenye nganda aliyenunua inchi 43, kukatiwa pamoja naye. Kampuni inafanya sawa mushonaji mwenye anakata kitenge cha batu bote ku kipimo cha mutoto mudogo. Ile dekoda iko na akili ya kukata yenyewe kwa mwenye anataka, sasa juu ya nini wakate kwa bote?

Kijana wa Bagira, miye siamini makusudi. Iko uvivu. Kwanza mara nyingi hata haiko kampuni ya dekoda inakata, ni kanali yenyewe: inatengeneza HD, halafu inaweka kamashine kamoja ka kushusha HD kuwa SD, kamashine kanawekwa "kata katikati" siku moja na hakuna mwenye anakagusa tena. Kampuni inapokea picha tayari imekatwa inatutumia. Na kuna alama fulani yenye inasafirishwa ndani ya picha, inaambia kila mashine ya njiani "hii ni pana, ioneshe nzima" ao "hii unaweza kukata". Ikipotea njiani, kila mutu anafanya anachotaka. Ila uvivu wenye kukuletea faida si rahisi uuache, hapo tuko pamoja, juu mutu akihamia HD hakuna mwenye analia kule ofisini.

Wa Uvira

Mimi nimekaa sana upande wa Bujumbura na Kigoma, na huko malalamiko ni hayo hayo, kwa hiyo msidhani ni Bukavu peke yake. Lakini kuna jambo hamjaligusa, nafasi ya setilaiti. Kampuni inakodi nafasi kule juu na inalipa pesa nyingi, kanali moja ya HD inakula nafasi ya SD mbili tatu. Ndiyo maana SD haiondoki leo wala kesho. Basi wakibaki na SD moja tu kwa watu wote lazima wachague nani aumie, mwenye TV ya zamani au mwenye mpya. Marekani walipozima matangazo ya zamani ya analojia tarehe 12 Juni 2009, kampuni za kebo ziliendelea kutuma SD ya 4:3 kwa wenye TV za zamani, zimekatwa pembeni hivyo hivyo, na ni karibu mwaka 2010 ndipo baadhi ya kanali kubwa zilianza kuacha kukata na kuweka mistari myeusi. Watu walipiga kelele pande zote mbili. Kwa hiyo hakuna uamuzi utakaomfurahisha kila mtu.

Mwenye mada (Kadutu)

Ndugu wa Uvira, hapo kwa "lazima wachague" njo tunaachana. Ile picha ya kuminywa inachukua nafasi ile ile, 720 kwa 576, haiongeze kitu ku setilaiti. Hakuna mwenye analazimika kuumia. Mwenye TV ya mgongo dekoda yake inakata ao inaweka mistari, mwenye ekra pla anaona nzima. Kipande kinachopotea ni ukali kidogo, basi.

Na ile hadisi ya analojia, mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho, tukaambiwa mambo itakuwa muzuri. Dekoda zimekuja, ila dekoda unaifunga na kamba za njano, nyekundu na nyeupe ku TV ile ile ya baba yako. Dijitali haikubadilisha ekra ya mutu.

Mama wa Panzi

Samahani naingilia. Miye niko na ekra pla, tulinunua mwaka jana, na picha inajaa ekra, lakini watu wote wanakuwa wanene, hata watoto mu matangazo wako na mashavu ya ajabu. Na maandishi ya habari yenye kupita chini yanakatwa, juzi ilikuwa imeandikwa "KAVU" nikafikiri ni jua limezidi, kumbe ni habari ya hapa hapa kwetu 😂 Sasa kwangu nani anakata? Kampuni ao ekra?

Fundi wa Nyawera

Mama, kwako nafikiri ni dekoda. Dekoda nyingi zinatoka mu karitoni zikiwa zimewekwa "TV ya 4:3". Muwekaji anakuja, anapanda ku paa, anafunga antena, picha ikitoka anachukua franga zake anaenda, menyu haigusi. Sasa dekoda inafikiri una TV ya mgongo, inakata pembeni, halafu ekra yako inapokea mraba, inauvuta mpaka ujae, njo unene unatokea hapo. Umekatiwa tena umevutiwa, mara mbili. Ingia ku telekomande ya dekoda, menyu, mipangilio, tafuta umbo la ekra, weka 16:9.

Na kwa bale wenye TV ya mgongo, chini ya 4:3 kuna machaguo mawili, pani-skani na letaboksi. Ya kwanza inakata, ya pili inaweka mistari. Mwenye mada, njo hapa unaweza kujua nani anakukata bila kubisha: weka kanali, badilisha kutoka pani-skani kwenda letaboksi. Pembeni ikifunguka na mistari ikatokea, dekoda yako njo ilikuwa inakata. Kitu kisipobadilika kabisa, basi ilikatwa kule kwao mbele ya kufika kwako.

Mwenye mada (Kadutu)

Papa fundi, hiyo ulipaswa kuisema mwanzo kabisa badala ya kututetea mistari myeusi 😅 Batu bote wenye umeme leo wajaribu, kanali kwa kanali, waandike hapa.

Kijana wa Bagira

bado naona ni mpango

Mama wa Panzi

Nimeweka 16:9. Watoto wamepungua mashavu. Habari inaandika BUKAVU muzima. Asante papa fundi, Mungu akubariki. Bwana yangu anauliza juu ya nini muwekaji tulimulipa.

Mwenye mada (Kadutu)

Nimejaribu ku TV ya nganda. Kanali za sinema karibu zote zimefunguka, ilikuwa dekoda yetu. Ile ya mupira, hapana, pani-skani, letaboksi, vyote sawa, haitingishike, ule beki hatutamuona. Nimepigia kampuni, wamesema picha wanaipokea vile kutoka ku kanali, niongee na kanali. Kanali iko Ulaya. Nani hapa anajua namna mutu wa Kadutu anaandikiaka kanali ya Ulaya?

Wa Uvira

Kampuni ndiyo inayonunua ile kanali kwa wateja wote, iandike yenyewe. Wewe risiti yako ina jina la nani?