Makala (makaa ya kupikia) na esansi (petroli): mnafanyaje vifike mwisho wa mwezi? Tupeane uzoefu

Mama wa Katindo
Wandugu wa Goma, naanza mimi. Nyumbani tuko watu saba. Gunia la makala lilikuwa linatuisha kwa majuma matatu, sasa linafika tano, na mbabula, jiko letu la makala, ni ile ile.

Aliyekuwa anakula makala ni maharagi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, basi maharagi hayataki kuiva. Siku hizi nayaloweka tangu jioni. Asubuhi namwaga yale maji, nayachemsha kwa nguvu mpaka yaanze kulainika, kisha natoa sufuria ikiwa bado inatokota na kuizika ndani ya kikapu chenye vitenge vizee, blanketi juu. Nikirudi kutoka soko la Virunga saa sita, nafunua: mvuke unanipiga usoni, maharagi yameiva.

Makala yaliyobaki nayafungia ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko. Yakikosa hewa yanazimika, kesho yanawaka upesi. Na jamani, hata baridi ikaze vipi, mbabula isilale chumbani na watoto. Hewa yake inaua bila harufu.

Motari wa Ndosho
Asante, mama. Mimi nabeba watu kwa pikipiki, esansi ndiyo inakula kwanza kabla ya watoto wangu. Nilikuwa nanunua kwa kadhafi, wale wauza esansi wa barabarani, chupa moja moja kila nikikaukiwa. Siku moja nikamimina chupa zake tatu ndani ya bidoni yenye alama za lita. Zilipungua karibu kikombe kizima cha chai! Tangu hapo natenga pesa ya esansi jioni, kabla sijafika nyumbani, na asubuhi najaza stesheni mara moja.

Kilichonisaidia zaidi ni daftari. Majuma mawili niliandika kila safari. Nikaona kati ya saa saba na saa tisa nazunguka Birere mpaka Signers bila mteja, nachoma tu. Sasa saa hizo nazima moto, nangojea parkingi. Kila Jumatatu napima upepo wa magurudumu, kwa sababu gurudumu laini linakunywa esansi. Pia nafungua filta ya hewa, maana vumbi la mawe yetu ya volkano linaiziba haraka.

Mwalimu wa Himbi
Kwetu ni likelemba ya makala, yaani tunachangiana pesa, nyumba nne. Tunanunua magunia kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, makala yakiwa makavu na mepesi. Mvua ikianza barabara zinaharibika, bei inapanda. Tunayapanga juu ya mbao, yasiguse udongo.

Mgeni wa Majengo
Mama wa Katindo, na sombe, majani ya muhogo, je? Inaiva ndani ya kikapu?

Mama wa Katindo
Sombe ina sumu yake, mwanangu, usiikimbize kikapuni. Itwange vizuri kabisa, ichemke bila mfuniko mpaka ile harufu kali iishe na majani yabadilike rangi. Ndipo utie mawese na vitunguu, uifunike, uipeleke kikapuni saa moja. Mimi naipika Jumamosi, wakati moto wa maharagi bado mkali, ili nisiwashe mara mbili.