Hotel Rwanda kwa darasa la 8: nionyeshe nzima, nikate, ao niache?

Mwalimu_Ibanda

Jambo wenzangu. Nafundisha historia katika darasa la 8 ya elimu ya msingi, hapa Bukavu. Wanafunzi 54: wengi wana miaka 13 na 14, wachache 12, na wako waliochelewa kusoma wenye 16. Somo tulilofikia ni mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 na matokeo yake huku kwetu Kivu. Nataka kuwaonyesha Hotel Rwanda, filamu ya 2004 juu ya Paul Rusesabagina, meneja wa hoteli Mille Collines ya Kigali, ambamo watu walijificha wakati wa mauaji hayo. Prefe (mkuu wa shule) amekubali kwa mdomo, ila wazazi wawili wa komite ya shule wamesikia habari hiyo na wanasema filamu ya mauaji si kitu cha kuwekea watoto darasani.

Naomba msaada juu ya mambo matatu. Alama ya PG-13 iliyo kwenye jalada inatosha kunitetea mbele ya wazazi? Nikikata vipande, nikate vipi ili kisitokee nisichotaka? Na kwa ruhusa, mkutano wa wazazi unatosha ao kunahitajika karatasi?

Mama_Mshauri

Bwana Mwalimu, alama ya umri haikutetei. PG-13 ni alama ya Marekani, ilianza 1984, na ni onyo kwa mzazi kwamba ndani kuna mambo ambayo huenda hayafai mtoto wa chini ya miaka 13. Inamwambia mzazi aamue, haimpi mwalimu ruhusa ya kuamua kwa niaba yake. Tena kila nchi ina kipimo chake. Uingereza filamu hiyo ilipewa 12A, yaani sinemani mtoto wa chini ya 12 haingii bila mtu mzima. Ufaransa wanapanga kwa wote, kisha makatazo ya chini ya 12, 16 na 18. Na waliopima huko kote walimfikiria mtoto anayeijua vita kupitia skrini. Darasani kwako anaweza kuwemo aliyetoka Minova ao Bunyakiri akikimbia risasi usiku. Huyo hakuna ofisi iliyompima. Wewe ndiwe unayemjua.

Wala ruhusa ya serikali si kipimo. L'Homme qui répare les femmes, filamu ya hati juu ya Daktari Mukwege wa hapa Bukavu anayetibu wanawake waliobakwa, ilikatazwa Kongo Septemba 2015, na Oktoba mwaka huohuo katazo likaondolewa. Mabishano yalikuwa juu ya sifa ya jeshi. Hakuna aliyekuwa anauliza kama mtoto wa miaka 12 asikilize ushuhuda wa ubakaji.

Kuonyesha nzima, mimi nasema hapana. Leso, yaani kipindi kimoja cha darasani, ni dakika 50, filamu inazidi saa mbili. Utaigawa leso tatu, na mtoto atakayekosa ya tatu atabaki na mauaji bila kuona watu wakiokoka. Chagua vipande viwili ao vitatu, vyote pamoja visizidi dakika 15, na muda uliobaki uwe wa kazi.

Anza na lengo la somo. Kama unafundisha namna dunia ilivyoiacha Rwanda, chukua pale wageni wanapoondolewa hotelini chini ya mvua na Wanyarwanda wanabaki. Damu karibu haionekani, lakini somo zima limo, na unaliunganisha moja kwa moja na azimio 912 la 21 Aprili 1994, ambalo kwalo Baraza la Usalama lilipunguza UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Rwanda, hadi watu 270. Kama unafundisha propaganda, sauti za redio zinatosha. Acha kabisa barabara ya ukungu yenye miili. Acha pia ghala ambamo wanawake wamefungiwa kizimbani: hiyo inapita haraka, na kwa sababu hiyo walimu wengi wanaisahau.

Na waambie wanafunzi kwamba Kanali Oliver, mkubwa wa askari wa Umoja wa Mataifa ndani ya filamu, ni mhusika wa kubuni, nyuma yake yuko Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada aliyeongoza UNAMIR, na kwamba baadhi ya manusura wa Mille Collines wanapinga namna Rusesabagina anavyoonyeshwa. Bila hayo watoto wataichukua filamu kama ushahidi, kumbe ni hati ya kuchunguzwa kama hati nyingine.

Papa_Kadutu

Kwa heshima, Mama, naona tunawalinda watoto na kitu wanachokiona kila siku. Kwenye vibanda vya video hakuna anayeuliza umri, na kwenye WhatsApp zinapita video za watu waliouawa kweli, si waigizaji. Shuleni angalau yuko mtu wa kueleza. Mwalimu akiogopa, historia ya 1994 watafundishwa na simu.

Msikilizaji

Papa, kwamba mwalimu asiikimbie 1994, nakubali. Lakini kibanda na darasa ni vitu viwili tofauti. Kibandani mtoto anatoka akitaka, simu anaizima. Darasani kuna orodha ya mahudhurio, kuna pointi, na mwenye kuwasha filamu ni mtu ambaye mtoto amefundishwa kumtii. Hawezi kutoka bila kujieleza mbele ya wenzake 53. Ndiyo maana kipimo cha shule lazima kiwe kikali kuliko cha mtaani. Na sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu wa chini ya miaka 18, kwa hiyo hata wale wako wa 16, Bwana Mwalimu, wamo.

Angalia pia kilichotokea Florida, Marekani, Oktoba 2023: watoto wa darasa la nne waliwekewa Winnie-the-Pooh: Blood and Honey. Jina ni la dubu wa hadithi za watoto, filamu ni ya kutisha, ya kuchinjana. Ilikwenda dakika 20 hadi 30 kabla ya kusimamishwa. Mtu aliyeitazama mapema nyumbani asingeiwasha.

Kwa mpangilio wenyewe: usizime taa zote wala kufunga pazia zote, kwa maana giza na kelele za risasi pamoja ndivyo vinavyomrudisha mtoto kwenye usiku wa vita. Sauti iwe ya kusikika tu. Kabla ya kuwasha, sema wazi kitakachoonekana: "kuna watu wanaolia, kuna bunduki, hakuna anayeuawa mbele ya macho". Onyo la namna hiyo haliharibu somo, linampa mtoto nafasi ya kujiandaa. Mlango ubaki wazi, na mtu mzima wa pili akae karibu nao. Kutoka kusihitaji kuomba.

Wewe mwenyewe simama mbele pembeni, uangalie nyuso. Tena usimngojee anayelia tu: anayecheka ovyo, anayeziba masikio, anayelala ghafla, anayekodoa macho bila kupepesa, wote hao wanaweza kuwa wamezidiwa. Mtoe kimya, akanyage chini kwa miguu yote miwili, anywe maji, akutajie vitu vitano anavyoviona uani. Usimwambie asimulie kilichompata, na kamwe usiwaulize darasa zima "nani kwenu aliona vita?"

Jambo moja zaidi ambalo kwetu ni zito. Filamu hii inataja makabila, na darasani mwako wako watoto ambao jina lao ao lugha ya nyumbani inaweza kuwafanya wageukiwe na wenzao wakati wa mapumziko. Kabla ya filamu weka sheria kwamba tunazungumzia matendo, hatunyoshei mtu kidole kwa asili yake. Baada ya filamu, nenda uani pamoja nao.

Usiiweke saa ya mwisho wala Ijumaa. Mtoto akitoka na picha hizo moja kwa moja kwenda nyumbani, utajua Jumatatu kwamba hakulala.

Fundi_Nyawera

Juu ya kukata. Usitumie dakika ulizoandikiwa na mtu mwingine. Filamu hii ina dakika 121 kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, lakini nakala za DVD za Ulaya zinakwenda picha 25, zinaisha kwenye dakika 116 hivi. Kufika katikati, hesabu imeshahama zaidi ya dakika mbili, na kipande "salama" kinaangukia pale usipotaka. Tazama nakala yako mwenyewe, andika saa, dakika na sekunde. Kwenye VLC, programu ya kutazamia video, Ctrl na T inakupeleka kwenye sekunde unayoitaka.

Usitegemee kuruka kwa kidole darasani. Mkono unateleza, na ile picha ya sekunde mbili ndiyo watakayoisimulia nyumbani. Tengeneza faili za vipande kabla. Kwa ffmpeg, programu ya kukata video kwa amri za maandishi (saa hizi ni za mfano):

ffmpeg -i filamu.mp4 -ss 00:41:10 -to 00:45:30 -c:v libx264 -c:a aac kipande1.mp4

Wengi wanaandika -c copy, yaani kunakili video jinsi ilivyo, kwa sababu inamaliza haraka. Kosa linatokea hapo. Kunakili bila kusimba upya (kuitengeneza video upya) hakuwezi kuanzia popote, kunaanzia kwenye picha kamili, na hizo ziko kila baada ya sekunde kadhaa. Basi kipande kinaweza kuanza mapema kuliko ulivyoagiza, na sekunde ulizozikata zinarudi. Amri niliyoweka inasimba upya, inachukua muda, lakini inakata pale pale. Ukimaliza, tazama kila kipande mwanzo hadi mwisho, na sauti ikiwa juu: mara nyingine picha imekwisha, kilio bado.

Weka vipande peke yake kwenye flashi, filamu nzima ibaki nyumbani. Televisheni nyingi zikimaliza faili moja zinaanza inayofuata zenyewe. Betri ya kompyuta ijae, na intaneti izimwe ili ujumbe wako usitokee ukutani. Tafuta mapema kwenye rimoti ya projekta kitufe cha kuficha picha: Epson wanaandika A/V Mute, na hicho kinazima sauti pia. Kwenye nyingine ni Blank, nayo kwenye baadhi ya mashine inaficha picha tu, sauti inaendelea. Jaribu kabla. Na kwa watu 54 leta spika, kwa sababu wa nyuma wasiposikia maneno watabaki na bunduki tu.

Mwalimu_Ibanda

Aksanti sana wote. Nitachukua kipande cha mvua na cha redio. Imebaki karatasi: mzazi asipojibu, nihesabu amekubali?

Mama_Mshauri

Hapana. Kimya si ruhusa, karatasi nyingi zinaishia ndani ya begi. Andika ukurasa mmoja, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na mkutanoni usomwe kwa sauti kwa wasiosoma. Utaje jina la filamu na mwaka, vipande gani na dakika ngapi, kinachoonekana na kinachosikika, lengo la somo, siku na saa. Chini kuwe na nafasi mbili, "nakubali" na "sikubali", sahihi, na mzazi asiulizwe sababu. Ipeleke siku kumi kabla. Wale wazazi wawili wa komite waalike watazame vipande kwanza, pamoja na prefe, naye atie sahihi. Ruhusa ya mdomo inasahaulika siku ya malalamiko.

Asiyeruhusiwa apewe kazi ya somo lilelile kwa maandishi, katika chumba kingine penye mtu mzima, kwa pointi zilezile. Maswali ya mtihani yajibike bila kuwa umeona filamu. Na hao wa chumba cha pili watoke darasani kabla hujafungua kompyuta, pamoja na wawili ao watatu walioruhusiwa lakini hawataki, ili isijulikane nani amekatazwa na nani amechagua.

Sampuli ya barua naiweka hapa kesho jioni, umeme ukiwepo.